Geti la bati, konaflawa na mafuta ya chipsi: namna ya kurekodi saundi ifekti kwa vitu vya nyumbani

Mwaka jana kuna vijana walinifuata hapa Pasua, Moshi, na filamu yao fupi, wameishuti Kibosho, bibi anaamka asubuhi anafungua mlango wake wa mbao anatoka nje, picha imetulia kabisa, ukungu, migomba, moshi wa jikoni unapanda, halafu mlango unafunguka kwa mlio wa jumba la Ulaya lile la filamu za kutisha, kwiiiiii, na mwangwi wa ukumbi mzima nyuma yake. Walikuwa wameushusha mtandaoni. Nikawauliza sasa mlango wa bibi wenyewe unaliaje? Wakatazamana. Hakuna aliyekumbuka, maana siku ya kushuti maiki ilikuwa inaangalia mdomo wa bibi tu.

Tukapanda tena Kibosho jumapili iliyofuata. Shikamoo bibi, tumekuja kurekodi mlango. Akashangaa kidogo ila akaturuhusu. Na ule mlango hausemi kwiii hata siku moja. Kwanza komeo linagonga, kak, kavu kabisa, halafu mbao inakwaruza chini khrrr kwasababu bawaba ya juu imelegea mlango umeinama, halafu kuna kamnyororo ka kufungia kufuli kanapiga mbao mara tatu kakipunguza nguvu, ta, ta, t. Dakika kumi tumemaliza. Bibi alipokuja kuonyeshwa filamu ikishakamilika hakusema kitu kuhusu uigizaji wake wala picha, alisema "huo ni mlango wangu."

Hiyo ndo sababu naandika huu mwongozo. Sauti za bure mtandaoni zimejaa, Freesound ipo tangu 2005, walioianzisha ni watu wa Chuo Kikuu cha Pompeu Fabra kule Barcelona, na mimi mwenyewe naitumia, ila ukiweka king'ora cha polisi wa Marekani kwenye tukio la stendi ya Moshi, au ndege wa msitu wa Ulaya juu ya migomba, mtazamaji anaweza asikwambie kosa liko wapi lakini anahisi kuna kitu sio cha hapa. (Na kila sauti pale ina masharti yake, zipo za bure kabisa, zipo za kumtaja mwenyewe, zipo ambazo huruhusiwi kuzitumia kibiashara, kwahiyo soma kabla hujashusha.) Vitu vya kwetu vinalia kivyake na hakuna atakayeturekodia.

Kazi yenyewe ni ya zamani. Filamu za bubu zilipokuwa zinageuka kuwa za sauti, mwaka 1929, kuna jamaa wa studio ya Universal Marekani anaitwa Jack Foley, yeye na wenzake walikuwa wanasimama mbele ya skrini wanatembea, wanapapasa nguo, wanagonga vitu huku picha inakwenda, sauti inaingia papo hapo. Mpaka leo kazi hii dunia nzima inaitwa foley kwa jina lake, na bado imegawanyika vilevile: miguu, nguo, na vitu vya mkononi. Hayo matatu ukiyaweza umeweza sehemu kubwa ya filamu.

Sasa vifaa. Simu inatosha kuanzia, nasema kweli, mimi mwaka wa kwanza wote nilifanya na simu. Tatizo ni ile rekoda iliyokuja na simu, nyingi zinabana faili, zinatupa sehemu ya sauti ili faili liwe dogo, kwa maongezi hakuna shida ila ukija kuivuta iwe ndefu au kuishusha iwe nzito kwenye kompyuta inaanza kutoa mlio wa mabuyu. Tafuta apu inayorekodi WAV, faili lisilobanwa, weka kHz 48 (ni mara ngapi sauti inapimwa kwa sekunde, hapa elfu 48) maana ndo inayotumika kwenye video (44.1 ilikuwa ya CD), na biti 24 kama ipo, kama haipo 16 itakufaa. Dakika moja ya mono (chaneli moja) hapo inakula kama MB 9, kwahiyo futa kwanza zile video za magrupu.

Halafu fanya hili jaribio kabla ya kitu kingine chochote. Washa rekodi, kaa kimya sekunde tano, piga kofi moja kali, kaa kimya tena sekunde tano. Sikiliza kwa hedifoni. Kama baada ya kofi kimya kimezama halafu kikaanza kupanda taratibu, shhhhHHH, kama maji yanajaa kwenye ndoo, ujue simu inajipandishia na kujishushia sauti yenyewe bila ruhusa yako. Hiyo itakuharibia kila kitu, kila mlio utakuwa sawa kwa ukubwa na mwisho wake utakuwa na shhh. Ingia kwenye mipangilio ya apu uzime, kama haizimiki tafuta apu nyingine mpaka upate. Watu wengi wanaacha hii kazi hapa wakidhani simu yao mbovu, kumbe ni kitufe kimoja.

Kiwango: mlio mkubwa kabisa ufike kwenye desibeli -12 hivi kwenye kipimo cha apu. Ukigusa sifuri sauti inapasuka, na ikishapasuka imepasuka, hakuna programu ya kuishona ikarudi kama ilivyokuwa.

Wapi na saa ngapi. Mjini kwetu ukitaka kimya ni kati ya saa tisa na saa kumi na nusu usiku, kabla ya adhana ya alfajiri na kabla majogoo hayajapokezana, na usiku wa jumapili kuamkia jumatatu ni bora kuliko wa jumamosi kwasababu ya baa. Zima friji. Umeme wetu ni wa hezi 50 na friji, chaja na taa za tyubu zinatoa muungurumo huohuo pamoja na ndugu zake wa 100 na 150, sikio lako limeshauzoea halisikii ila maiki inausikia wote. Umeme ukikatika usiku ndo nafasi yenyewe, toka kitandani, mtaa mzima umezimika mpaka friji la kwa Mangi, una dakika chache kabla jenereta la mtu halijawaka. Kama nyumba haina silingibodi kumbuka pia bati linatanuka na kusinyaa, jioni jua likishuka linaanza kusema tak, tak lenyewe, subiri lipoe kabisa.

Chumba kitupu kinarudisha mwangwi na mwangwi ukishaingia hautoki. Simamisha godoro ukutani, tandika blanketi mezani, au fungua kabati la nguo uweke maiki mbele ya nguo zenyewe. Usishike simu mkononi, vidole vinasikika, iweke juu ya taulo iliyokunjwa. Na sogea. Ukizidisha umbali mara mbili mlio unapungua kama desibeli 6 wakati kelele ya mtaa inabaki palepale, kwahiyo vitu vidogo sentimita 20 mpaka 30 tu. Ila sio kila kitu, geti la bati ukiliweka sentimita 20 unapata kona moja ya bati inayopiga kelele, geti linalia mwili mzima, rudi nyuma mita moja au moja na nusu ulisikie lote. Nje upepo ndo adui, nenda mitumba ya Memorial utafute kikoti cha mtoto cha manyoya, kata kipande, funika maiki manyoya yakiwa nje, chini yake sponji nyembamba.

Haya, tuje kwenye vitu vyenyewe, na naanza na miguu maana hapo ndo watu wanadanganya sana.

Nilipewa kazi ya filamu ya wapagazi wa mlimani. Sauti waliyorudi nayo kutoka juu ilikuwa upepo mtupu, fuuu kuanzia kambi ya Kibo mpaka kileleni, kwahiyo kila hatua ilibidi itengenezwe chini huku. Mwongozaji anataka theluji njia nzima, krch krch krch, kwasababu ndo Kilimanjaro ya kwenye kalenda. Nikaenda kuwauliza watu wanaopanda. Ule usiku wa kileleni watu wanatoka kambini karibu na saa sita, na sehemu kubwa wanayopanda sio theluji, ni changarawe na vumbi la volkano, baridi la usiku limelikamata limekuwa gumu, jua likitoka linalegea wanashuka wanateleza nalo. Theluji na barafu ni huko juu ukingoni, mita 5,895 ndo kilele chenyewe, na hata hapo inategemea msimu. Kwahiyo nikatafuta kokoto ndogo nyeusi, nikazijaza kwenye beseni la kufulia, chini yake taulo ili plastiki isilie, nikavaa buti.

Na bado ikawa sio. Hatua ni nyepesi. Nikarudia, nikakanyaga kwa nguvu, sasa ikawa askari gwaride. Ndo nikakumbuka mpagazi ana mzigo, sheria inasema mwisho kilo 20, nikachukua begi nikaweka mchele kilo kumi na madumu mawili ya maji ya lita tano tano, nikajifunga mgongoni, nikaingia tena kwenye beseni. Tofauti ilikuwa kubwa mpaka nikasisimka. Mtu mwenye mzigo hakanyagi kwa nguvu, anaweka kisigino, kokoto zinajipanga chini yake, kchrr, halafu uzito unahamia mbele polepole, kokoto zinajipanga tena, halafu kuna sekunde ya kimya ya kupumua. Hatua moja ina milio miwili. Mwili ukiwa umechoka kweli na sauti inachoka, huwezi kuigiza hiyo na kompyuta. Wala usirekodi hatua za haraka ukazivuta ziwe polepole, zinageuka za jitu.

Theluji yenyewe kwa zile dakika za juu nilitumia konaflawa. Pakiti mbili, unazijaza kwenye pochi kuukuu ya ngozi, ukikosa soksi nene moja ndani ya nyingine, unafunga mdomo, unaminya kwa vidole gumba karibu na maiki. Chembe zake ni laini sana na zinasuguana, ndo maana zinatoa ule mlio wa kubanana ambao unga wa sembe hautoi, nimejaribu sembe, dona na muhogo, konaflawa ndo yenyewe. Hii mbinu watu wa foley wanaitumia duniani kote.

Mvua. Kila mtu akisikia mvua kwenye bati anakimbilia kuirekodi chini ya bati, na anapata shhhhhh moja ndefu isiyo na mvua ndani yake, kwasababu matone ni mengi mno yamekuwa ukuta. Mimi natengeneza kwa tabaka. La chini ndo hiyo mvua ya kweli, ila nimesimama mbali, kwenye kibaraza, bati linasikika kule nyuma. La juu ni matone ya kuhesabika: kipande cha bati la futi mbili juu ya matofali, chupa ya maji iliyotobolewa kifuniko kwa msumari, unanyunyiza kwa mkono, mara hapa mara pale, usiweke mpangilio. La katikati ndo siri, ni mafuta ya chipsi. Nenda kwa kijana wa chipsi ukiwa mteja, mwombe, subiri anapomimina viazi vibichi kwenye mafuta ya moto. Maji ya kwenye kiazi yanageuka mvuke papo hapo, vipovu vinapasuka maelfu kwa pamoja, na sikio linashindwa kutofautisha na mvua inayopiga majani. Simu isikae juu ya karai, kaa pembeni nusu mita, mafuta yanaruka. Yule kijana wangu nilimrudishia sauti ikiwa imeshawekwa kwenye picha ya shamba la migomba, akasikiliza mara mbili akaita wenzake.

Vingine naenda haraka. Moto wa kuni ni pakiti ya krispi unayoikunja taratibu pamoja na vijiti vikavu unavyovunja mojamoja. Radi ni bati jembamba refu linaloshikwa pembe moja na kutikiswa, halafu kwenye kompyuta unaishusha iwe nzito zaidi. Mabawa ya ndege mkubwa ni mwavuli unaofunguliwa na kufungwa nusu nusu, ya ndege mdogo ni kanga unayoikung'uta, kanga iliyofuliwa mara nyingi sio mpya, mpya ina wanga inalia kama karatasi. Mfupa unaovunjika ni karoti ndani ya kitambaa kibichi, na muwa ukipata ni bora zaidi, una ule ukinzani kabla haujakatika. Farasi ni vifuu viwili vya nazi kwenye udongo, na kwa punda, ambao ndo tunao, punguza mwendo na tumia vifuu vidogo. Ngumi ni kipande cha nyama yenye mafuta juu ya kibao, sio kofi la mkono kwa mkono. Nguo: kila mhusika akigeuka nguo yake inasikika, shuka kwa mtu mzima wa kimasai, jinzi kwa kijana, rekodi zote, zikae chini kabisa mpaka mtu asijue zipo, ila ukizitoa picha inakufa.

Hii nyingine naipenda kuliko zote. Miaka ya 70 Ben Burtt, mtengeneza sauti wa Marekani, aligonga kwa nyundo waya unaoshikilia mnara wa redio, akapata ule mlio wa bunduki za angani za filamu ya Star Wars ambao watoto wote wanauiga, pyuuu. Inatokea hivi kwasababu ndani ya waya mrefu uliokazwa milio myembamba inakimbia haraka kuliko mizito, kwahiyo inafika kwanza nyembamba halafu inashuka. TAFADHALI usiende kwenye nguzo ya umeme wala mnara wa simu, huo ni mchezo wa kifo. Tafuta uzio wa waya shambani, wenye waya mmoja mrefu umekazwa, usio na umeme, mwombe mwenye shamba, gonga kwa bisibisi mbali na ilipo maiki mita ishirini mpaka thelathini.

Kwa waya maiki ya kawaida haipati kitu, unahitaji inayosikia mtetemo. Nenda kwa fundi redio, mwulizie kile kisahani chembamba cha rangi ya dhahabu kilichomo kwenye alamu zilizokufa na zile kadi za muziki, pieza. Mwambie akuchomelee waya wenye jeki. Kama unaingiza kwenye simu jeki iwe ya pini nne, ile yenye mistari mitatu myeusi, ya pini tatu simu haitaitambua kama maiki. Kibandike kwa soloteipu kwenye waya, kwenye geti, kwenye tako la sufuria. Sufuria ya alumini ya kilo ikigongwa na mwiko halafu ukaipunguzia kasi nusu inashuka oktava nzima, inakuwa kengele ya kanisa kubwa. Ukitaka kupunguza zaidi ya hapo, mara nne, rekodi kwa kHz 96 kama kifaa na maiki yako vinaweza, kwasababu rekodi ya kHz 48 inashika milio ya mpaka kHz 24 tu, ukiigawa kwa nne inabaki 6 tu, sauti inakuwa ya chini ya blanketi.

Kila unaporekodi, anza kwa kutamka: "geti la bati, kufunga polepole, mita moja." Utashukuru baada ya miezi sita una mafaili mia nne. Kila mlio urudie angalau mara tano kwa nguvu tofauti, na mwishoni acha rekodi iende sekunde 30 bila wewe kugusa kitu, hicho kimya cha mahali utakihitaji kuziba mapengo. Na usizime kabla mlio haujafa wenyewe, vijana wanazima mapema mno, mkia wa sauti ndo unaobeba ukubwa wa kitu.

Sokoni na stendi ni suala jingine. Mbuyuni asubuhi, makonda wa Marangu na Machame wanavyoita abiria, hiyo ni hazina, ila ni sauti za watu. Mimi nikitaka zogo la jumla nasimama mbali kidogo ambapo huwezi kushika neno la mtu, na nikitaka konda mmoja mmoja namfuata namweleza, nampa chochote, anaita upya kwa ajili yangu. Hawajawahi kunikatalia.

Kwenye kompyuta natumia Audacity, ni ya bure na ipo tangu 2000. Kata mwanzo na mwisho, ondoa kila kilicho chini ya hezi 80 kwa vitu vidogo, isipokuwa radi na geti. Kupunguza kelele unachagua kale kakimya ka sekunde 30, unaichukua kama mfano, halafu unapunguza desibeli 6 mpaka 10, basi. Ukienda 20 sauti inakuwa ya mtu anayeongea ndani ya pipa la maji, na hapo ni bora ungeacha kelele. Ukipanga kwenye picha ya fremu 25 kwa sekunde kila fremu ni sekunde 0.04, komeo likichelewa fremu mbili tatu jicho linalikataa, kwahiyo vuta karibu kabisa upange kisigino kwenye kisigino.

Faili ghafi usiliguse, fanya kazi kwenye kopi, na weka kopi nyingine kwenye flashi inayokaa kwa mtu mwingine. Ule mlango wa Kibosho fundi alikuja mwezi wa tatu akabadilisha bawaba, sasa hivi unafunguka kimya. Zile dakika kumi ziko kwenye flashi mbili, moja kwangu, moja kwa mjukuu wa bibi.